Chaja ya Utepe Mweusi

Siku tuliyomzika kaka yangu, mwanamume mmoja aliyesimama nyuma yangu alimnong'oneza mwenzake, "Kumbe ndiye huyu, Fundi Mkweche?" Mwenzake akaguna kukubali. Sikugeuka. Jina hilo nililitoa mimi, kwa mdomo wangu, mchana kweupe, na siku nilipolitoa kaka alikuwa mzima kabisa, ameshika bisibisi.

Naandika ili nisije nikajidanganya baadaye kwamba mambo yalikuwa vingine.

Kaka alikuwa fundi wa redio, pasi, simu na kompyuta. Meza yake ilikaa kwenye baraza la duka la vioo, na ubavuni pake alikaa mzee fundi viatu, mtu wa maneno mengi na gundi nyingi. Mimi nilikuwa nafanya kazi kwenye duka la kutoa nakala, kutwa nimesimama nasikiliza mashine ikikohoa. Nilimaliza sekondari, sikuendelea. Niliposikia kwamba kwenye chumba cha juu ya duka letu kuna darasa la kutengeneza programu za simu, jioni tatu kwa wiki, nilimwambia kaka kama mzaha. Yeye hakucheka.

"Utanitengenezea na mimi?"

"Ya nini?"

"Ya vitu vya watu." Alinionyesha rundo lililokuwa chini ya meza. "Kila kimoja nakifunga kikaratasi. Kikaratasi kinadondoka, pasi inabaki yatima. Nataka nipige picha, niandike ya nani na inaumwa nini. Basi, sitaki makuu."

Baada ya mwezi aliniletea kompyuta aliyoiunga kutoka mizoga mitatu. Mizoga ndivyo alivyoziita mashine zilizokwisha kufa. Kifuniko kilikuwa cha kijivu, kibodi nyeusi, na herufi moja ilikuwa imeandikwa kwa wino wa kalamu. Betri haikufaa kitu; ukichomoa waya tu, inazima. Chaja yake ilikuwa nzito kama tofali. Waya ulikuwa umekatika sehemu mbili, kaka akauunga na kuuzungushia utepe mweusi wa mafundi umeme, mafundo mawili manene kama magoti ya mtoto.

"Chaja hii usiiache, mdogo wangu," aliniambia. "Mashine hii ina njaa. Ukiipa chaja dhaifu itakudanganya kwamba inafanya kazi."

Niliitikia, ndiyo kaka, kama mtu anavyoitikia akiambiwa afunge mlango.

Darasani tulikuwa watu kumi na mmoja, wengi wao wadogo kwangu. Kompyuta zao zilikuwa nyembamba, unaweza kuzipenyeza chini ya mlango. Siku ya tatu nilipotoa chaja mkobani na kuiweka mezani, ilitoa kishindo. Palikuwa na mmoja tuliyemwita Mluzi, kwa sababu hakuweza kufikiri bila kupiga mluzi. Mluzi wake ukakatika.

"Shangazi," alisema, "hiyo chaja imetoka vitani?"

"Si unaona imefungwa bandeji," mwingine akadakia.

"Mpeni pole, kidonda bado kibichi."

Walicheka, na sidhani walikuwa na ubaya. Hata mwalimu, binti mpole aliyekuwa akiongea kama mtu aliye karibu na mtoto aliyelala, alitabasamu akainamisha kichwa. Mimi pia nilicheka. Kisha nikaifunika chaja kwa mtandio wangu, na somo lote nikawa naviona vile vifundo viwili vikinyanyua kitambaa.

Kesho yake nilinunua chaja nyingine, nyembamba, nyepesi, waya mzima usio na kovu. Muuzaji aliniuliza, "Mashine yako inataka wati ngapi?" Nikamjibu, "Za kawaida tu." Ncha iliingia, taa ikawaka, nikaona yamekwisha. Ile ya kaka niliitia kwenye droo ya kabati, chini ya mashuka.

Tangu siku hiyo, kila nilipoiwasha kompyuta ilianza kwa kuandika mistari mitatu ya Kiingereza, myeupe juu ya giza, na mwisho wake ikisema ubonyeze kitufe chochote uendelee. Nilibonyeza. Kiingereza cha kusoma mistari mitatu ninacho. Sikuisoma.

Jioni hiyohiyo tulianza somo jipya. Ukishaandika maelezo yako, unaiamuru kompyuta iyajenge, yaani iyageuze yawe programu inayofunguka kwenye simu. Halafu unaifungua kwenye simu ya kuigiza, simu inayoonekana kwenye kioo cha kompyuta lakini huwezi kuishika. Wenzangu walibonyeza, wakasubiri dakika moja au mbili, simu zao za kuigiza zikawaka. Mimi nilibonyeza nikakaa. Mstari wa kijani ulitambaa. Wenzangu walikosea, wakarekebisha, wakakosea tena kosa jingine, na mimi bado nilikuwa nangoja kuona kosa langu la kwanza.

"Shangazi," Mluzi aliniuliza wakati wa kufunga mikoba, "unajenga programu au ghorofa?"

Nikampelekea kaka. Aliichomeka kwenye chaja kubwa ya mezani kwake, ile anayojaribia mashine zote, akaniambia nibonyeze. Dakika mbili, ikajenga.

"Hapa kwangu inakwenda," alisema, akakuna kidevu. "Inawezekana ni hiki kikagua virusi. Kila faili unalojenga kinataka kulinusa kwanza." Akakiambia kiliache folda langu. Nikarudi darasani, mambo yaleyale.

Mara ya pili alisema simu ya kuigiza ndiyo inayoibana mashine, akanifundisha kuunganisha simu yangu halisi kwa waya nijaribie humo. Ikapungua kidogo, lakini kujenga kwenyewe kulibaki dakika arobaini. Mara ya tatu aliifungua akaichomekea kipande cha memori.

"Umekitoa wapi?"

"Kwenye mzoga," alisema, bila kuinua macho.

Na kila mara aliniuliza maswali mawili, kama daktari anayemuuliza mgonjwa kama amekula.

"Chaja ni ileile?"

"Ileile, kaka."

"Ikiwaka haiandiki kitu?"

"Haiandiki."

Nitaeleza kwa nini nilijibu hivyo, maana nimejiuliza mara nyingi. Ningemwambia nimebadilisha chaja, ingebidi nimwambie sababu. Sababu ilikuwa ni ule utepe wake. Kwamba watu waliutazama, wakacheka, na mimi nikauonea aibu, utepe aliouzungusha kwa vidole vyake huku akiimba. Nilijiambia pia kwamba chaja ni chaja, taa si inawaka. Lakini mahali fulani ndani yangu nilijua mistari mitatu ilianza siku gani. Nilijua, na sikutaka kujua.

Jumapili moja alikuja nyumbani kwetu, kwa mama, aione mashine ikifanya kazi pale ninapoitumia. Niliposikia sauti yake mlangoni nilikimbilia kabatini, nikatoa chaja ya utepe chini ya mashuka, nikachomoa ile nyembamba na kuisukuma chini ya kitanda kwa mguu. Sikutaka aumie. Alikaa juu ya stuli, akaniambia nijenge. Dakika mbili.

"Mtoto akimwona daktari homa inashuka," mama akasema kutoka mlangoni, na wote watatu tukacheka. Kaka hakucheka sana. Aliigeuza mashine, akaweka sikio kwenye feni, akaiweka chini.

"Hainipi kosa lake," alisema. "Inanificha."

Wiki iliyofuata mwalimu alitutangazia siku ya maonyesho. Kila mtu angeonyesha programu yake mbele ya wageni wawili, na asiye na cha kuonyesha hangeendelea na hatua ya pili. Jioni hiyo yangu iligoma katikati, mara mbili. Mluzi alinipa kiti chake na mashine yake nijaribie, nadhani alinihurumia, na huruma yake ilinichoma kuliko utani.

Kesho yake mchana nilitoka kazini bila kuaga, nikaenda mezani kwa kaka. Palikuwa na mama mmoja aliyeleta redio, wanaume wawili wenye simu, na mzee fundi viatu na sindano yake. Kaka alinipokea kompyuta, akaichomeka palepale kwenye chaja yake kubwa, akabonyeza. Ikajenga.

"Hapa kwangu inakwenda, mdogo wangu."

"Kila siku kwako inakwenda!" Nilisikia sauti yangu imepanda, na sikuishusha. "Kwako inakwenda, kwangu haiendi, mimi ndiye kichaa? Kama hujui, sema hujui! Umeniokotea takataka, umezibandika, umenipa mkweche. Wenzangu wana kompyuta, mimi nina mkweche wa fundi mkweche."

Mmoja wa wale wanaume alipasua kicheko, akakizuia kwa kiganja. "Fundi Mkweche," alirudia taratibu, kama mtu anayeonja.

"Haya jamani," mzee fundi viatu akasema, "ndugu wakigombana sisi tushone viatu."

Kaka alichomoa kompyuta, akaufunga waya wa chaja yake, akanirudishia mashine kwa mikono miwili. "Tusigombane mbele ya watu," aliniambia polepole. Yule mama aliichukua redio yake mezani, akaikumbatia. "Nitapita kesho, fundi," alisema. Hakupita.

Watu walipopungua kaka alinivuta pembeni.

"Nitakuja hukohuko darasani. Nikae nyuma, niitazame inavyofanya. Nusu saa tu."

Nilimtazama. Shati lake lilikuwa na matundu madogo ya risasi ya kulehemu, na kucha zake zilikuwa na weusi usiotoka kwa sabuni. Nikamwona amekaa nyuma ya Mluzi.

"Usije," nikasema. "Hawaruhusu wageni."

Walikuwa wanaruhusu. Wiki moja kabla, baba yake Mluzi alikaa saa nzima akila karanga.

"Basi sawa," alisema kaka.

Siku tisa baadaye alishikwa na homa. Siku ya tatu ya homa wifi yangu, mkewe, alimpeleka hospitali. Nilimkuta amelazwa karibu na dirisha, midomo imekauka. Nilikuwa nimetoka darasani, mkoba begani. Tuliongea habari za mama. Kisha akafunga macho, nikadhani amelala.

"Ikiwaka haiandiki kitu?" aliuliza.

"Kaka, pumzika."

"Niambie tu."

"Haiandiki."

"Na chaja ni ileile?"

"Ileile."

Alifumbua macho, akayaelekeza kwenye mkoba wangu. Zipu ilikuwa haijafika mwisho, na waya mwembamba ulikuwa umetokeza nje kama ulimi. Sijui kama aliuona. Huenda alikuwa anatazama tu upande ule. "Basi sawa," alisema, akafunga macho tena. Kesho yake alasiri wifi alinipigia simu, akashindwa kusema, nikaelewa.

Nilirudi darasani baada ya msiba kwa sababu mama alinisukuma. "Programu ile si ulimwahidi?" Nilikaa kwenye kiti changu, nikawasha kompyuta. Mwalimu alikuja kunipa pole, akainama karibu yangu, na macho yake yakaenda kwenye kioo kabla sijawahi kubonyeza kitufe.

"Subiri," alisema. Akasoma, akiweka kidole kwenye kila mstari. "Inasema chaja haina nguvu ya kutosha, kwa hiyo mashine itajipunguza kasi." Alinigeukia. "Imekuwa ikiandika hivi tangu lini?"

Mluzi na wenzake walikuwa kimya, kwa ajili ya msiba wangu.

"Leo tu," nikasema.

Hata hapo. Kaka yuko kaburini, na mimi bado nasema leo tu.

Nilipofika nyumbani nilitoa mashuka yote kabatini, nikaichukua chaja ya utepe, nikaichomeka. Mashine iliwaka. Haikuandika kitu. Nikabonyeza kujenga, nikatazama saa ya ukutani. Dakika mbili na kidogo. Nikaichomoa, nikachomeka ile nyembamba. Mistari mitatu. Nikajenga. Mama alipika, akapakua, akaniita, na mstari wa kijani bado haujafika nusu. Nilirudia yote mara ya pili, kama mtu anayetumaini kwamba amehesabu vibaya. Hakuna alipokosea kaka. Alichokosea ni kuniamini.

Wifi aliniomba niende kwake nikatazame vitu vya kazi alivyovileta kutoka barazani, vilivyo vya watu virudi kwa watu. Katikati ya rundo ilikuwapo kompyuta ya kaka mwenyewe, ile aliyotumia kila siku. Niliiwasha, ikawa nzito kama mgonjwa anayenyanyuka. Nikaifungua chini, kama nilivyomwona akifungua nyingi. Palikuwa na vijishimo viwili vya memori. Kimoja kilikuwa na kipande chake. Kingine kilikuwa kitupu, na vumbi lilikuwa halijaingia.

"Alikuambia aliitoa wapi?" wifi aliniuliza aliponiona nimeshika mashine bila kusogea.

"Kwenye mzoga," nikasema. Nikalia, na wifi akanipigapiga mgongoni, akidhani ni msiba wa kawaida. Nikamwambia yote siku hiyohiyo. Aliacha kunipigapiga. Hakunitukana. Aliinuka akaenda kuanua nguo, na alikaa nje muda mrefu kuliko nguo zilivyokuwa.

Jumamosi nilikwenda barazani na kompyuta na chaja zote mbili. Nilichagua Jumamosi kwa sababu watu wanakuwa wengi. Mzee fundi viatu alikuwa mahali pake. Meza ya kaka ilikuwa tupu, mzee ameifunika kwa gunia safi. Walikuwapo watu watano au sita, na mmoja alikuwa yule mwanamume aliyeonja lile jina.

"Mzee, naomba umeme," nikasema.

"Chukua, binti yangu. Unatengeneza nini?"

"Nimekuja kuonyesha."

Nikaonyesha. Niliikaza sauti ifike hadi mlango wa duka la vioo. Nilisema hii ndiyo chaja aliyonipa kaka, tazameni, dakika mbili. Hii ndiyo niliyonunua mimi kwa kuuonea aibu utepe, tazameni. Aliniuliza mara nyingi, nikamdanganya kila mara. Mashine aliyonipa ilikuwa nzima. Mkweche nilikuwa nimeuleta mimi.

Hakuna aliyecheka. Yule mwanamume alitazama viatu vyake vilivyokuwa mikononi mwa mzee.

"Na kwa nini hukuyasema akiwa hai?" mzee akaniuliza. Hakuuliza kwa ukali. Alitaka kujua.

Mstari wa kijani ulikuwa bado unatambaa mbele yetu sote.

"Unajua, alinyamaza sana wiki ile," mzee alisema. "Mimi nilimtania, nikamwita kwa hilo jina. Alicheka. Sasa najiona mjinga." Akavuta uzi, akaukata kwa meno. "Nitawaambia watakaopita. Lakini limeshaenea, binti yangu. Siwezi kulikimbiza nyumba kwa nyumba."

"Nitalikimbiza mimi," nikasema.

Nilianza na yule mama wa redio. Nilimkuta anafua. Alinisikiliza mpaka mwisho, mikono ndani ya povu, kisha akasema, "Niliipeleka kwa fundi mwingine, akaiua kabisa." Ndiyo yote aliyosema, akaendelea kufua.

Siku ya maonyesho niliiweka chaja ya utepe mezani, bila mtandio. Kishindo kilikuwa kilekile. Mluzi aliitazama, akanitazama, akasogeza mkoba wake kuipa nafasi. Programu ilifunguka bila shida. Unapiga picha ya kitu, unaandika ni cha nani na kinaumwa nini. Mgeni mmoja aliniomba nionyeshe kwa mfano, nikapiga picha ya kompyuta yangu. Mahali pa mwenyewe nikaandika mimi. Mahali pa ugonjwa nikaandika: mwenye mashine alificha. Mgeni alidhani ni mzaha, akatabasamu. Nilipita kwenda hatua ya pili. Nilipomwambia mama alifurahi, akaniuliza kama nitamwambia na wifi. Nikasema kesho. Imepita wiki mbili.

Mpaka leo nimewaambia watu kumi na saba. Wengine hawakumbuki hata jina lenyewe, nikawakumbusha mimi ndipo nikalifuta, na sijui kama hapo nimetengeneza au nimeharibu. Haya ninayaandika kwa wale ambao sijawafikia.

Kila asubuhi naichomeka chaja ya kaka, nawasha mashine, natazama kioo kikiwa bado cheusi. Nasubiri kidogo kabla ya kugusa chochote. Haiandiki kitu. Sasa ni kweli.